MAJI YA MGODI ULIOFUNGWA NI YA NANI?

Muhula uliopita Chama cha Majadiliano cha shule yetu kilikutana kushindana juu ya neno hili: kwamba mgodi wa shaba wa Kilembe ufunguliwe upesi iwezekanavyo. Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kukubali, kwa sababu mimi ni mtu wa Kasese, na tena babu yangu alifanya kazi katika mgodi huo. Nilieleza habari za kazi kwa vijana, habari za fedha za kigeni, na habari za reli iliyofika Kasese mwaka 1956. Makofi yalikuwa mengi, na upande wetu ulishinda.

Lakini kabla ya kura kupigwa, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama huko nyuma akasema, "Bwana Mwenyekiti, naomba kumwuliza msemaji, maji yaliyojaa mgodini yatakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba yatavutwa kwa pampu. Akauliza tena, "Yakishavutwa, yatamwagwa wapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, na Mwenyekiti akamwita msemaji mwingine.

Swali lile lilinifuata mpaka nyumbani wakati wa likizo. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu kijana yule, maana siku ile nilishinda kwa makofi, sikushinda kwa hoja.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajafika kwetu, Kilembe iko katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Rwenzori. Shaba ilianza kutoka kwa wingi mwaka 1956, chini ya kampuni ya Kilembe Mines, iliyokuwa ikiongozwa na Wakanada wa Falconbridge. Ilichukuliwa kwa reli mpaka Jinja, ikayeyushwa huko kwa nguvu za umeme wa Owen Falls. Miaka ile shaba ilikuwa miongoni mwa mali kubwa iliyouzwa nje na Uganda, pamoja na kahawa na pamba. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi, na kwa kuwa hapana aliyejua lugha ya mwenziwe, walisema Kiswahili. Hata Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata kwanza kwa babu, naye alikipata shimoni.

Baadaye mambo yaliharibika. Katika miaka ya 1970 wageni waliondoka, vipuri vikakosekana, bei ya shaba ikaanguka, na mgodi ukabaki mikononi mwa Serikali. Mwaka 1982 uchimbaji ukakoma. Mwaka 2013 Serikali iliukodisha mgodi kwa kampuni ya Tibet Hima ya China kwa miaka 25, lakini mwaka 2017 mkataba ule ukavunjwa. Mwaka 2025 ukafanywa mkataba mpya na ushirika wa makampuni mengine. Basi jambo tulilolijadili shuleni si ndoto, ni jambo lililo mlangoni.

Babu yangu alikuwa mtu wa pampu. Nilipomweleza habari za majadiliano yetu, na jinsi watu walivyocheka, yeye hakucheka. Alisema, "Mjukuu wangu, watu hudhani kwamba adui wa mchimbaji ni mwamba. Mwamba hukaa kimya. Adui ni maji. Sisi tulilala kwa zamu, lakini pampu haikulala hata siku ya Krismasi."

Nikamwuliza ni nini kilichotokea pampu zilipopungua. Akasema, "Maji yalirudi nyumbani kwake."

Maneno hayo ni kweli kabisa. Mvua ya Rwenzori huingia katika nyufa za mlima na kushuka chini. Mtu akichimba njia chini ya ardhi, amechimba kisima kikubwa mno, na asipokikausha kila siku, kitajaa. Mgodi ulipofungwa sehemu za chini zilijaa maji. Nasi tuliokuwa hatujazaliwa tukakuta mlima wenye maji tumboni.

Sasa, maji hayo yana ubaya gani? Wanafunzi wa kemia watanisaidia. Katika mwamba wa Kilembe shaba haikai peke yake. Imechanganyika na pairiti, yaani mawe ya chuma na salfa yenye kung'aa kama dhahabu. Pairiti ikikaa gizani bila hewa haina neno. Lakini mchimbaji akiuvunja mwamba, hewa na maji huingia, na pairiti hugeuka kuwa asidi ya salfa. Asidi hiyo huyeyusha shaba, kobalti, nikeli na zinki, zikabaki kama chumvi juu ya kuta za mgodi. Halafu maji yakipanda, huziosha kuta hizo na kuchukua chumvi yote. Ni kama mtu asuuzaye sufuria ya zamani: maji ya kwanza ndiyo machafu kuliko yote. Mgodi ukisha kujaa mpaka juu, hewa hukatika na ubaya hupungua kidogo kidogo. Lakini ukikaushwa tena, hewa huingia tena, na kazi ya kutengeneza asidi huanza upya. Wale wanaotaka kuufungua mgodi hawana budi kulijua jambo hili kuliko sisi sote.

Tena asidi si dalili ya lazima. Kama mwamba una chokaa, asidi huweza kuuawa njiani, na maji yakatoka bila ukali wo wote, hali nikeli, kobalti na zinki zimo bado. Maji ya namna hiyo ni meupe kama maji mengine. Shirika la Afya la Dunia limeweka mpaka wa nikeli katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.07 katika lita moja, na wa shaba kuwa miligramu 2. Je, nani kati yetu aweza kuiona kwa macho sehemu saba za mia za miligramu?

Mwanafunzi wa Kampala asidhani kwamba jambo hili ni la watu wa milimani tu. Katika mabonde ya mji huu watu wengi huteka maji katika chemchemi zilizojengewa kwa saruji, na maji yake hutoka baridi na safi kwa macho. Lakini mara kwa mara wapimaji wamekuta ndani yake vijidudu vya vyooni, kwa sababu vyoo vya juu ya kilima na chemchemi ya chini hunywa ardhi moja. Maji ya chini ya ardhi hayana ukuta. Kinachowekwa ardhini na jirani wa juu hunywewa na jirani wa chini.

Na huko kwetu mambo yenyewe ni haya. Kando ya Nyamwamba yamo malundo makubwa ya mawe yaliyosagwa, mabaki ya miaka 26 ya kazi. Mto ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2014, na tena Mei 2020, ulikata malundo hayo na kuyatandaza bondeni. Furiko la mwaka 2020 liliharibu hata hospitali ya Kilembe. Chini zaidi, karibu na mji wa Kasese, liliwekwa kwa miaka mingi lundo la pairiti yenye kobalti. Mvua iliyopita juu yake ilitiririka ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth kuelekea Ziwa George, na mahali ilipopita majani yalikufa, ukabaki ukanda mtupu kama njia ya moto. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ililisafisha lundo lile ili kupata kobalti iliyomo. Nao wachunguzi waliopima maji, udongo na vyakula vya bonde la Kilembe, wakachapisha matokeo yao mwaka 2016 na mwaka 2017, walikuta mahali kadhaa ambapo shaba, kobalti na madini mengine yamepita kiasi kinachofaa.

Matokeo hayo yamo katika majarida ya wataalamu. Hayajafika kwa bibi yangu. Yeye huteka maji katika chemchemi ile ile aliyoteka tangu alipoolewa. Wakati wa likizo nilimwuliza kama imewahi kupimwa. Akasema aliwahi kuona watu wenye chupa, wakajaza chupa zao, wakashukuru, wakaenda zao. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye alikumbuka chupa zile lakini hakupata kuona karatasi. Nikaenda katika ofisi moja, nikaambiwa niandike barua. Niliandika barua. Likizo ikaisha nikarudi shuleni, na bibi bado anateka pale pale. Sisemi kwamba maji yale ni mabaya. Nasema kwamba yeye anayeyanywa ndiye mtu wa mwisho kuambiwa, kama ataambiwa.

Labda msomaji atasema, "Je, Uganda haina sheria?" Ina sheria, tena nzuri. Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 39, inampa kila mwananchi wa Uganda haki ya kukaa mahali safi penye afya. Sheria ya Maji na sheria ya kwanza ya mazingira zilipatikana mwaka huo huo wa 1995, na NEMA ikaanzishwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inasema kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na inatoa njia ya kumtoza mwenye kazi dhamana ya fedha. Ipo pia Sheria ya Madini ya mwaka 2022.

Basi kasoro iko wapi? Kwa maoni yangu ziko kasoro mbili.

Ya kwanza ni ya wakati. Mgodi ulifungwa mwaka 1982, na sheria ya mazingira ikaja mwaka 1995. Katikati imo miaka 13 ambayo maji yalipanda bila kuulizwa. Sheria hupenda kutazama mbele, lakini maji ya Kilembe yametoka nyuma.

Ya pili ni ya mfereji. Kibali cha kumwaga maji machafu huombwa na mtu mwenye mfereji: huyu ndiye anayemwaga, huu ndio mfereji wake, na hiki ndicho kiasi chake. Lakini maji yanayopenya katika ufa wa mlima hayana mfereji. Hakuna mtu aliyeyamwaga. Yalipanda yenyewe baada ya watu kuacha kuyavuta. Je, mtu aweza kushitakiwa kwa sababu ya kutofanya kitu?

Swali hilo limewasumbua hata Waingereza, ambao wamechimba migodi kwa karne nyingi. Huko Cornwall mgodi wa bati wa Wheal Jane ulifungwa mwaka 1991, na pampu zikasimamishwa. Januari 1992 maji yaliyojaa yalipasua njia, na mamilioni ya lita zenye rangi ya kutu zikamwagika mpaka mto Fal na baharini. Sheria yao ya wakati ule ilimsamehe mtu aliyeruhusu tu maji yatoke katika mgodi ulioachwa. Mwaka 1995 Bunge lao liliibadili sheria: msamaha ule hauwahusu wanaoacha migodi baada ya tarehe 31 Desemba 1999, na mtu atakaye kuuacha mgodi hana budi kutoa habari miezi 6 mbele. Lakini hasara ya Wheal Jane ilikuwa imekwisha kuingia, na mpaka leo maji yake yanasafishwa kwa fedha za watu wote.

Huko Afrika ya Kusini mambo yalikuwa makubwa zaidi. Migodi ya dhahabu iliyo magharibi ya Johannesburg ilikuwa imeungana chini ya ardhi. Makampuni yaliondoka moja moja, na kila lililoondoka lilimwachia jirani kazi ya kuvuta maji, mpaka hapakuwa na jirani. Mwaka 2002 maji yenye asidi yalitokea juu karibu na Krugersdorp. Yule aliyefaidi dhahabu alikwisha kwenda, na yule aliyebaki akasema, "Maji haya si yangu mimi peke yangu."

Kwa mifano hii mimi naona kwamba neno la kwanza la kusimamia maji ya mgodi ni kuyapa mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe hakina mlinzi. Shaba ya Kilembe ina mwenyewe tangu zamani; hata kabla haijatoka ardhini watu wameigombania na kuiandikia mikataba. Maji yaliyolala pamoja nayo hayana mtu wa kuyadai. Haki gani hiyo, kwamba mtu achukue nyama na kumwachia jirani mifupa?

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nilijibu hivyo mimi mwenyewe katika majadiliano. Watasema, "Vijana wa Kasese hawana kazi. Masharti mengi yatawafukuza wenye mitaji. Maji yamekaa miaka 40, yatangoja." Hoja hii siidharau. Mjomba wangu ni fundi wa umeme asiye na kazi ya kudumu, naye amengoja mgodi tangu nilipokuwa mtoto mdogo. Aliposikia kwamba nimeanza kuuliza habari za maji alinikasirikia, akaniambia, "Wewe unasoma Kampala, unaweza kungoja. Mimi siwezi." Sikuwa na jibu la haraka, wala sitaki kumwonea.

Lakini nimefikiri hivi. Mjomba anatafuta kazi ili alishe watoto wake, na watoto wale hunywa maji ya bonde lile. Tena kazi ya kulinda maji ni kazi: kupima, kujenga mabwawa ya kutulizia maji, kutia chokaa, kupanda nyasi juu ya malundo. Na kwa habari ya wenye mitaji, mtu anayekimbia kwa sababu ameambiwa aoshe sufuria kabla ya kuondoka, huyo alikusudia tangu mwanzo kuiacha chafu. Ni afadhali akimbie mapema.

Kwa hiyo natoa mashauri manne, nami nitafurahi kama mtu atanisahihisha katika toleo lijalo.

Kwanza, kabla maji ya mgodi hayajavutwa, chemchemi zote, visima vyote na mito yote ya bonde vipimwe, na hesabu zake ziandikwe. Bila hesabu ya leo, kesho kila mmoja atasema kwamba uchafu ulikuwako zamani. Serikali ina maabara ya maji huko Entebbe; kazi hii haina haja ya kungoja wageni.

Pili, Serikali itamke wazi kwamba uchafu wa zamani ni deni lake, kwa kuwa ndiyo iliyobaki na mgodi, na kwamba uchafu mpya ni deni la mchimbaji mpya. Mpaka kati ya madeni hayo mawili ni hesabu ile ya kwanza.

Tatu, mchimbaji aweke fedha za dhamana mahali ambapo yeye hawezi kuzigusa, wala mtu mwingine hawezi kuzitumia kwa kazi nyingine. Asirudishiwe siku ile anapofunga lango. Arudishiwe baada ya miaka kadhaa ya kupima maji na kuyaona salama, maana maji ya mgodi hupanda polepole, na ubaya wake huonekana wakati mwenyewe amekwisha panda ndege.

Nne, matokeo yasomwe kijijini, kwa Kikonzo na kwa Kiswahili, na karatasi ibandikwe karibu na chemchemi. Anayejaza chupa arudi na jibu.

Wanafunzi wa zamani wa shule hii, baadhi yenu mko katika wizara, na wengine ni mawakili na wahandisi. Sisi tulio darasani hatuwezi kutunga sheria. Ninyi mwaweza kuuliza mahali ambapo barua ya mwanafunzi haifiki. Ulizeni katika mkataba wa Kilembe maji yameandikwa katika ukurasa wa ngapi, na yameandikwa kuwa ni ya nani.

Na kwako, ndugu yangu wa Kidato cha Tatu, uliniuliza maji yatamwagwa wapi. Yakivutwa leo bila sharti, yatamwagwa katika Nyamwamba, kwa sababu bonde ni moja na mto ni mmoja. Kutoka hapo yatakwenda Ziwa George, na mengine yatazama ardhini na kutokea mahali ambapo bibi yangu anashusha mtungi wake. Hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa siku ile. Majadiliano hayo yakirudiwa nitasimama tena upande wa kukubali, kwa ajili ya mjomba. Lakini neno "upesi" nitaomba liondolewe.